Mikono Miwili ya Emilian Hhando

Emilian Hhando wa Nambis ameendesha magari miaka ishirini na sita bila kuua hata kuku, na ukikaa naye dakika tano atakuwa ameshakuambia. Kuku mmoja alikufa, ule mwaka wa mvua nyingi, lakini huyo kwa maelezo ya Emilian alijiua mwenyewe.

Alikuwa dereva wa fuso la vitunguu saumu. Tajiri wake alikaa Mbulu mjini, vitunguu vilitoka mashambani, na Emilian alivishusha Katesh, Singida, wakati mwingine hadi Dodoma. Jamani, kama kuna mtu aliyeipenda sheria ya barabarani kuliko hata wale walioitunga, ni huyu. Akishawasha gari, simu yake inaingia kwenye kopo la majani ya chai, kopo linafunikwa, linawekwa nyuma ya kiti. Iite mpaka ichoke. Tajiri alishamtukana, ndugu walishamlalamikia, msiba mmoja aliukosa kabisa kwa sababu ya lile kopo, naye akasema marehemu angemwelewa.

Usingizi nao aliuheshimu. Kama kesho ana safari, leo jua likizama yuko kitandani, na ole wake atakayegonga mlango. Madereva wenzake walitafuna karanga na kujimwagia maji ya baridi usoni ili wafike. Emilian aliwacheka sana. "Usingizi hauhongwi karanga," alikuwa akiwaambia. "Ukikujia, egesha gari ulale."

Vijana wa bodaboda ndio waliomkoma. Kuna huyu Bryson, baba wa watoto watatu, mtu mwenye akili zake nyingine zote, ila simu huichomeka ndani ya helmeti akawa anaongea na wateja huku anapanda kilima. Siku moja Emilian alimsimamisha akamhutubia robo saa nzima: habari za ubongo, habari za macho, habari za wajane. Bryson alisikiliza mpaka mwisho, maana Emilian ni mkubwa kwake. Kisha akasema taratibu, "Baba mdogo, nimekosa. Lakini mimi mikono yangu yote miwili iko kwenye usukani. Ya kwako huwa iko wapi?"

Emilian akamwambia hana adabu, akapanda fuso lake, akaondoka kwa hasira. Mita hamsini mbele kulikuwa na bibi mmoja amebeba kuni, na mikono ya Emilian ikaenda kule inakoendaga siku zote.

Nyani haoni kundule. Ugonjwa wa Emilian ulikuwa salamu.

Si salamu ya kupiga honi na kupita, hiyo ni ya madereva wa kuja. Mkubwa akionekana barabarani, Emilian alitoa kichwa dirishani, akatamka shikamoo yote bila kuimeza, kisha akainua mkono wa kulia, na wa kushoto ukaja kushika kiwiko cha kulia, kama mtu aliyelelewa anavyompa mkono mzee wake, na kichwa akakiinamisha. Hesabu mwenyewe. Mkono wa kulia uko juu, wa kushoto uko kwenye kiwiko, macho yako chini. Usukani umeachiwa Mungu. Ukimuuliza, alikuwa anakujibu kwamba usukani anaushika kwa goti.

Ukitaka wa kumlaumu, kamlaumu mama yake. Emilian akiwa na miaka minane alipita na mbuzi mbele ya mzee Nikolausi bila kumwamkia. Hakuwa na kiburi, kichwani mwake kulikuwa na mpira tu. Habari ilimfikia Mama Genoveva kabla mbuzi hawajafika zizini. Mama hakumchapa. Alimshika mkono akamrudisha, kilima chote kile, mpaka mlangoni kwa mzee Nikolausi, akamsimamisha pale na kumpanga kiungo kwa kiungo: kulia hivi, kushoto hivi, kichwa hivi. "Siku utakayompita mtu mzima kama jiwe," akamwambia mbele ya mzee, "usirudi kwangu." Samaki mkunje angali mbichi, wanasema. Huyu alikunjwa akakunjika moja kwa moja.

Na wazee walimpenda, we! Wakisikia fuso linapanda, waliacha chai yao wakatoka na mablanketi yao kwenda kusimama barabarani wapokee haki yao. Madereva wengine waliwapaka vumbi tu na kupita. "Yule mtoto hana dharau," walisema, na mtoto mwenyewe alikuwa na miaka hamsini na moja. Fuso lilishaangusha ua wa mtu, likavunja hori la ng'ombe, likapanda juu ya tofali za Hermani zilizokuwa zinasubiri fundi. Hermani ndiye aliyeomba radhi. Alisema kosa ni lake, kuweka tofali mahali ambapo mtu anaamkia.

Aliyeshangaa ni mmoja tu, Mwalimu Rahel, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, aliyehamishiwa huku kutoka Lindi. Mwezi wake wa kwanza aliliona fuso linashuka, dereva ameinama, mikono yote hewani. Akauliza, "Huyu anaendesha kwa nini, kwa maombi?" Akaambiwa, "Mwalimu, wewe mgeni, hujazijua mila zetu."

Sasa mwaka jana wazazi wakaungana wakanunua kibasi kilichotumika cha kubebea watoto wa mbali, waliokuwa wanafika darasani wameloa chapachapa. Kibasi kikawa kinahitaji dereva. Emilian aliposikia, hakulala, na kwa Emilian kukosa usingizi ni jambo zito.

Maana alikuwa na shida moja ambayo hakuwahi kuihutubia barabarani. Mama Genoveva alikuwa ameshapita miaka themanini na macho yalikuwa yanamwacha, mtu akimwona ni kama kivuli kinachopita. Baba alishafariki, mke wa Emilian naye alishafariki, na fuso lilikuwa linamchukua Emilian siku nne katika kila wiki. Safari moja alirudi akamkuta mama anakula viazi vibichi, kwa sababu hakukiona kiberiti. Alikuwa anavitafuna taratibu, akasema si vibaya. Emilian alitoka nje akalia nyuma ya banda la ng'ombe. Dereva wa kibasi angekuwa nyumbani kila siku saa kumi na moja jioni. Hakuna kingine alichokitaka duniani.

Kamati ikapanga usaili Jumamosi. Walikuwa wajumbe sita, mwenyekiti Mwalimu Rahel, na wakamwalika Afande Violeth, askari wa usalama barabarani, mwanamke mpole mwenye daftari. Maswali yalikuwa ndani ya kibasi, Emilian tayari amekaa kwenye usukani, shati jeupe, tai ya harusi yake.

"Ukisikia usingizi njiani?" Afande akauliza.

"Naegesha nje ya barabara, nalala. Kahawa inamdanganya dereva, haiudanganyi usingizi."

"Simu?"

Emilian hakujibu kwa mdomo. Alitoa kopo, akaonyesha simu, akaitumbukiza, akafunika. Kamati ikapiga makofi. Mjumbe mmoja tu hakupiga, alikuwa anajibu ujumbe kwenye simu yake.

"Na adhabu ya anayeendesha bila kuangalia barabara unaijua?"

Akazitaja: faini, kufikishwa mahakamani, kufungiwa leseni, na ukiua, jela. Alizitaja kwa raha kama mtu anayetaja watoto wa jirani. Afande Violeth akaandika, akasema, "Mzee, ungekuwa unafundisha wewe. Haya, tuendeshe mpaka njia panda turudi."

Wapendwa wetu ndio wanaotumaliza. Habari kwamba Emilian anajaribiwa ilikuwa imezunguka Nambis yote, na wazee wakaona si vizuri kumwacha mtoto wao peke yake mbele ya serikali. Wakatoka. Wote wakatoka! Kibasi kilipopinda kona ya kwanza, upande wa kulia wa barabara walikuwa wamesimama kama watu wanaomsubiri askofu, fimbo mkononi, mablanketi begani.

Emilian akaona jasho linamtoka. Mzee wa kwanza, akainua mkono mmoja tu, vidole. Moyo ukamchoma. Wa pili, mkono mzima. Afande Violeth akageuza uso akamtazama. Wa tatu alikuwa bibi aliyemzalisha mama yake, na mkono wa kushoto ukaondoka wenyewe kwenye usukani, ukagusa kiwiko, ukarudi. "Mzee," Afande akasema, "hebu angalia mbele." "Ndiyo, afande." Mwalimu Rahel akashika kiti cha mbele yake kwa nguvu. Wajumbe wengine walikuwa wanatabasamu, wanawapungia wazee, ni furaha tupu.

Wa mwisho kwenye mstari alikuwa mzee Nikolausi. Yule yule. Miaka tisini na kitu, ameshikwa kwapani na wajukuu wawili ili asimame, na alipoona kibasi kinakuja, akanyoosha mkono wake unaotetemeka kumbariki Emilian.

Sasa wewe ungefanyaje? Emilian alitoa kichwa dirishani. Shikamoo ikatoka kamili. Kulia juu, kushoto kwenye kiwiko, kichwa chini, kama alivyopangwa kiungo kwa kiungo mlangoni kwa mzee huyo huyo miaka arobaini na mitatu iliyopita. Goti likajaribu. Kibasi si fuso, usukani wake mwepesi. Kikavuta kushoto, kikaruka mfereji, kikaenda kujilaza kwenye ua wa minyaa.

Na upande wa kushoto alikuwa amesimama mtu mmoja tu. Mama Genoveva hakutaka kujichanganya na wazee wa mstari. Alisema yeye haoni, anataka mahali pa utulivu asikie gari la mwanawe linavyopita. Akalisikia. Jirani alipiga kelele, "Mama, ruka!" naye akaruka, miaka themanini na zaidi, akaangukia mferejini kwenye mkono wa kulia, na mkono ukavunjika juu kidogo ya kiganja. Tairi lilipita karibu kabisa na kichwa chake. Kitambaa chake cha kichwani walikitoa chini ya gari.

Emilian alipomwona mama yake mferejini alipiga yowe ambalo Nambis bado wanalisimulia. Alimbeba mwenyewe. Njia nzima ya kwenda hospitali alikuwa anarudia, "Mama nisamehe," na mama, meno yamebana kwa maumivu, akamuuliza swali moja: "Mzee Nikolausi uliishamwamkia?"

"Ndiyo, mama."

"Hapo sawa," akasema, kisha akalia.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu alisikia la mkuu maisha yake yote, na mkuu mwenyewe akavunjika mkono. Huyo mtafutie methali yake.

Mahakamani hakimu alikuwa na haraka. Akauliza, "Ulikuwa unatumia simu?"

"Hapana, mheshimiwa. Ilikuwa kwenye kopo."

"Ulikuwa umelewa?"

"Sijawahi kuonja."

"Ulisinzia?"

"Nililala masaa kumi, mheshimiwa."

"Sasa ulikuwa unafanya nini?"

Emilian akainamisha kichwa. "Nilikuwa natoa shikamoo."

Mahakama nzima ikaangua kicheko, hata karani. Hakimu akavua miwani akaifuta, akaivaa tena, na alipoongea hakuwa anacheka. "Mzee, barabara haijui kama uliangalia simu au uliangalia wazee. Inajua hukuiangalia yenyewe." Kuendesha bila uangalifu na kusababisha majeraha: faini, na leseni kufungiwa miezi sita. Emilian aliomba angalau pale kwenye karatasi paandikwe kwamba sababu ilikuwa heshima. Afande Violeth, aliyekuja kutoa ushahidi, akamwambia kwa upole kwamba kosa la namna hiyo halimo kwenye orodha yao.

Miezi sita hiyo alikaa nyumbani. Alipika, akachota maji, akamlisha mama yake kwa kijiko maana mkono wa kulia ulikuwa kwenye plasta. Alichokuwa anakiomba kwa Mungu, kuwa nyumbani jioni, alikipata chote, bila mshahara. Tajiri alimpa fuso mtu mwingine siku ile ile. Kibasi kilipotengenezwa, kamati iliajiri kijana wa kutoka mjini aliyekuwa haamkii mtu yeyote, na ikaonekana ni dawa. Ila barabara nayo alikuwa haiamkii. Simu aliiegemeza mbele yake, anaangalia mpira wa Ulaya, watoto nyuma wanashangilia mabao. Mwezi wa tano Afande Violeth alimkamata. Mwalimu Rahel akamfukuza kabla ya jioni.

Wakati wote huo wazee walikuwa hawajasema neno. Wakakaa siku moja nyumbani kwa mzee Nikolausi, Emilian akaitwa, akasimama katikati anangoja faini ya kimila, labda kondoo, labda pombe ya wazee. Mzee Nikolausi akaongea kwa shida, kwa sauti ndogo.

"Huyu tumemharibu sisi. Tulikuwa tunakwenda barabarani kungoja sifa, tukijua gari lina tairi sita. Sasa sikilizeni. Emilian akiwa chini kwa miguu, ni mtoto wetu, atatuamkia kama zamani. Akiwa ndani ya gari, hatumjui. Mzee yeyote akiona gari la Emilian linakuja, ageuke ampe mgongo. Mgongo hauamkiwi."

Loo! Wengine walicheka. Emilian hakucheka. Alisema wangechukua kondoo wote watano na ng'ombe juu yake, lakini si hilo. Kugeukiwa mgongo na watu wazima, mbele za watu, kama mwizi! Mzee Hermani akauliza kama Mama Genoveva ameafiki. Emilian akakumbuka kwamba asubuhi ile mama alimpa ujumbe wa kuufikisha bila kumweleza ni wa nini. Akautoa: "Amesema, yeye wa kwanza."

Leseni ilipofunguliwa, Mwalimu Rahel, aliyekuwa ameisikia hukumu hiyo, alikuja mwenyewe na funguo. "Mzee Emilian, kopo lako nalijua, usingizi wako naujua. Ukiweza kuvumilia migongo, kazi ni yako."

Jumatatu ya kwanza watoto ishirini na nane walikuwa wamekaa ndani ya kibasi, na Emilian ameshika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayeshika ngazi. Kona ya kwanza, wazee walikuwepo. Wakamsikia, wakageuka mmoja baada ya mwingine, blanketi baada ya blanketi, wanatazama mahindi. Mkono wa kushoto wa Emilian ulicheza, akaukaza. Ndipo watoto, ambao hakuna aliyewahukumu, wakapiga kelele wote kwa pamoja kupitia madirishani, "Shikamooniii!" Na wale wazee, nyuso shambani, migongo barabarani, wakajibu kwa umoja, "Marahabaaa!" Ikawa hivyo njia nzima. Hata mzee Nikolausi alikuwa amegeuzwa na wajukuu wake, wameshamshika kwapani, anaiitikia mihogo.

Mbele ya nyumba yao, kwenye ua ule ule wa minyaa uliokuwa haujaota vizuri, alisimama Mama Genoveva. Kwa macho yake alikuwa haoni gari, alikuwa analisikia. Likakaribia, akageuka. Mkono wa kulia, ambao uliunga ukiwa umepinda kidogo, alikuwa ameuweka nyuma kiunoni. Machozi yakamshuka Emilian na hakuyafuta, maana mikono ilikuwa kazini. Kibasi kikapita. Kikafika shule saa moja na dakika kumi, hakuna ua uliolala, hakuna tofali iliyoguswa, na Mwalimu Rahel aliyekuwa anangoja getini akashusha pumzi.

Saa kumi na moja jioni Emilian aliegesha kibasi, akarudi nyumbani kwa miguu. Alimwamkia kila aliyemkuta, kulia juu, kushoto kwenye kiwiko, akawa anachelewa kwa raha, na wazee wakampokea kama mtu aliyetoka jela. Mama Genoveva alikuwa kwenye kigoda nje, shuka begani. Emilian akapiga goti mbele yake, akanyoosha mikono, akasema shikamoo yake, mama akaipokea kwa mkono ule uliopinda, akamshika kwa muda mrefu.

"Marahaba, mwanangu. Watoto wamefika?"

"Wote, mama."

"Hukugusa kitu?"

"Sikugusa hata jani."

"Na mimi asubuhi nilikupa mgongo kama tulivyosema."

"Nimeuona, mama," Emilian akasema. "Ulikuwa umeweka mkono nyuma. Iliniuma sana."

Mama Genoveva akamgeuzia usoni macho yake yasiyoona.

"Uliuonaje?" akauliza. "Si ulikuwa unatazama barabara?"

Akauvuta mkono wake taratibu kutoka kwenye mikono ya Emilian, akaurudisha ndani ya shuka.